Ziwa Lililodhaniwa Bahari

Barabara itokayo mpakani Mugina, ng'ambo ya Manyovu ya Kigoma, huteremka kwa kona nyingi hadi Nyanza-Lac, kisha hushika ukingo wa Ziwa Tanganyika na kupanda kaskazini, maji kushoto na milima kulia, mpaka Bujumbura. Abiria aliyezoea Bagamoyo au Pangani hukaa vizuri kitini mara gari linapofika bondeni. Mawimbi yanavunjikia mchangani. Mitumbwi imevutwa nchi kavu na nyavu zimeanikwa. Wanaume wenye kofia za kushonwa wanatoka msikitini. Na kando ya barabara imesimama minazi, shamba baada ya shamba.

Ila si minazi. Karibu na Rumonge gari lilipunguza mwendo nikaitazama vizuri. Shina ni nene, limejaa visiki vya makuti yaliyokatwa, na pale ambapo macho ya mtu wa pwani hutafuta nazi umekaa mkungu wa matunda madogo mekundu yenye vichwa vyeusi, mamia yamebanana, miiba imeyazunguka. Ni michikichi, mti wa Afrika Magharibi, na harufu iliyoingia dirishani ilikuwa ya mawese yanayochemka. Mama aliyeketi jirani yangu, mwenyeji wa huko, alisema kwa Kiswahili cha Kigoma kwamba watu wa Dar wakipita hapo huuliza nazi zinauzwa bei gani.

Wageni wengi waliofika pande hizi wakiwa na kalamu mkononi walikuwa wametoka baharini. Walipokosa jina la kitu walikipa la kile kilichofanana nacho huko walikotoka, na kazi ya kuyasahihisha majina hayo imechukua zaidi ya miaka 150. Mengine hayajasahihishwa hadi leo.

Hata nchi yenyewe ilipata jina kwa mdomo wa pwani. Wazungu wa karne ya 19 waliongozwa na wapagazi na wakalimani wa Kiswahili, na Kiswahili huita nchi kwa U: Ujiji, Unyamwezi, Uganda. Wenyeji waliosema Buganda wakaandikiwa Uganda, waliosema Burundi wakaandikiwa Urundi, na kituo cha Wajerumani kilichojengwa kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya ziwa kikaitwa Usumbura. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 waliyaacha majina kama walivyoyakuta, na eneo lao lote likajulikana kama Ruanda-Urundi. Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, Urundi ikarudishiwa B yake na Usumbura ikawa Bujumbura. Uganda ilibaki na jina la wapagazi.

Rumonge ina habari nyingine, ya mavazi. Mwaka 1881 waliuawa hapo wamisionari watatu wa shirika ambalo watu hulijua zaidi kwa rangi ya nguo kuliko kwa jina lake rasmi: Mapadri Weupe. Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyelianzisha mwaka 1868, aliwavika kanzu nyeupe na joho kwa mfano wa Waarabu wa Algeria, na rozari wakaivaa shingoni, ili wafanane na watu wanaowaendea. Lakini kwenye ziwa hili aliyevaa kanzu nyeupe alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji, na biashara ya Ujiji wakati huo ilikuwa pembe za ndovu na watumwa. Vazi lililoshonwa lifanane na wenyeji wa nchi moja likawa, katika nchi nyingine, linafanana na watu ambao wenyeji walikuwa na kila sababu ya kuwaogopa.

Kilomita kama 10 kabla ya jiji, pale Mugere, dereva yeyote atakuonyesha njia ya kupanda kwenye Jiwe la Livingstone na Stanley. Ni jabali kubwa la kijivu juu ya kilima, ziwa lote linaonekana chini yake, na limechongwa majina mawili na tarehe: 25-XI-1871. Wapo wanaoamini, na wapo wanaowaambia watalii, kwamba hapa ndipo Stanley alipotamka ile salamu yake mashuhuri kwa Daktari Livingstone. Salamu hiyo, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, ilitolewa Ujiji, na tarehe anayoitaja ni 10 Novemba. Kilichotokea Mugere ni cha kweli pia, ila hakina salamu: wasafiri hao wawili walipita hapa kwa mtumbwi wakienda kwa Mukamba, mtawala wa nchi waliyoiita Uzige, na kutoka huko wakaenda kuukagua Mto Rusizi. Walitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Kama ungetoka, Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha Nile. Wakaukuta unaingia, na dhana hiyo ikafa palepale mdomoni mwa mto. Kwangu jiwe hilo lina habari nzuri kuliko ile wanayoidai; ni bahati mbaya tu kwamba habari ya mto haina sentensi ya kukariri.

Jijini, ufukwe una majina ya mbali. Watu wa Bujumbura huenda Saga Jumapili kuogelea, kucheza mpira wa mchangani na kula mishikaki, ambayo hapa huitwa brochettes. Wenye pesa zaidi huenda Bora Bora, hoteli ya ufukweni iliyoazima jina la kisiwa cha Polinesia katika Bahari ya Pasifiki. Mswahili akilisoma jina hilo ubaoni hulielewa kwa namna yake na hakuna anayemsumbua. Ukikaa hapo alasiri ukitazama magharibi, milima ya Kongo ikiwa imefichwa na ukungu, hakuna kitu machoni kinachokuambia kwamba haya si maji ya chumvi. Ziwa lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Ni Baikal tu la Urusi linaloshinda kina hicho miongoni mwa maziwa ya dunia.

Kinachovunja ndoto hiyo ni kiboko. Jioni viboko hutoka majini kula majani, na wakazi wa Kibenga na Kinindo wamezoea kuwapisha barabarani. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia mitaani mwaka 2024, mpaka kati ya makazi ya watu na yao ulizidi kufifia. Wagiriki wa kale walimwita mnyama huyu farasi wa mtoni. Makaburu wa Afrika Kusini wakamwita ng'ombe wa baharini. Wataalamu wa wanyama walimweka kwa muda mrefu karibu na nguruwe, kwa sababu ya meno na miguu. Uchunguzi wa chembe za urithi katika miaka ya 1990 ukaonyesha kwamba ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni nyangumi. Kwa hiyo mnyama wa hapa aliye na jamaa wakubwa baharini ndiye ambaye hakuna mgeni wa ziwa hili aliyemfikiria hivyo.

Konokono ndio waliofikiriwa hivyo. Ukiinama mahali popote penye changarawe kusini ya jiji utaokota magamba yao: mazito kuliko ya konokono wa mtoni, yenye mistari iliyoinuka na vinundu vinavyokwaruza kidole, mengine yenye midomo minene. Ukimpa mtu wa Tanga gamba moja kati ya hayo bila kumwambia limetoka wapi, atakuambia la baharini. John Hanning Speke, aliyefika ziwani mwaka 1858 pamoja na Richard Burton, akiwa anaugua macho kiasi cha kutoliona ziwa lenyewe sawasawa, aliokota magamba ya namna hii akayapeleka London. Mtaalamu Samuel Woodward aliyaeleza mwaka uliofuata, na mojawapo akalipa jina la nassa, ambalo ni jina la konokono wa baharini. Mwaka 1880 Edgar Smith alipokea magamba mengine kutoka ziwa hilohilo, akaunda jina Limnotrochus: trochus wa ziwani, yaani konokono wa bahari aliyehamia ziwani. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akamwona ziwani konyeza, yule kiumbe laini anayeelea ambaye wengine humwita yavuyavu, na ambaye kila mtu alijua makazi yake ni baharini. Hoja ikaonekana kukamilika.

Aliyeifunga hoja hiyo kwa kitabu alikuwa Mwingereza J. E. S. Moore. Alikuja ziwani mara mbili katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwaka 1903 akachapisha The Tanganyika Problem, kitabu kinene kinachodai kwamba Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mfanano: magamba ya ziwani aliyaweka kando ya visukuku vya bahari ya zama za Jurasiki na yakalingana vizuri. Picha zake ukizitazama leo bado zinashawishi.

Hakuna bahari iliyofika hapa. Ziwa limezaliwa na ufa wa ardhi, na umri wake ni miaka milioni 9 hadi 12, wakati Jurasiki ilikwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Konokono wake wametokana na konokono wa maji baridi, na unene wa magamba yao una sababu iliyomo humohumo ziwani. Tanganyika ina kaa wake yenyewe, wenye makoleo yenye nguvu ya kuvunja magamba. Watafiti waliowaweka kaa na konokono pamoja waliona kwamba gamba jembamba huvunjika na gamba nene huokoka. Kizazi baada ya kizazi konokono wa hapa wakajenga kuta, kama walivyojenga wale wa baharini wanaoliwa na kaa wa baharini. Adui wa aina moja ameleta silaha ya aina moja, bila undugu wowote. Mambo hayohayo yalitokea kwa samaki wa mawe: mwaka 1993 Thomas Kocher na wenzake walionyesha kwamba samaki wa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa wanaofanana kama mapacha, hadi midomo na mistari, kila mmoja ana undugu wa karibu zaidi na samaki wasiofanana naye wa ziwa lake.

Speke hakuishia kwenye konokono. Mwaka 1863 alichapisha kitabu cha safari yake ya pili, na humo akaeleza kwa nini watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa, machoni pake, warefu zaidi na wenye pua nyembamba zaidi kuliko raia wao. Walifanana, aliona, na Wagalla wa Ethiopia, watu ambao leo huitwa Waoromo. Kwa hiyo walitoka huko. Njia ni ileile: unaona kitu hapa, unakumbuka kingine cha kule, unachora mstari kati yao na kuuita asili. Tofauti ni kwamba gamba la konokono halisomi kitabu kilichoandikwa juu yake.

Wabelgiji walikisoma, pamoja na vingine vingi vilivyokifuata. Burundi waliikuta na Wahutu, Watutsi, Watwa, na juu yao Baganwa, watu wa ukoo wa kifalme ambao hawakujihesabu kuwa Wahutu wala Watutsi. Kwa macho ya Ulaya Baganwa walifanana na Watutsi, wakaandikwa Watutsi. Machifu Wahutu, ambao walikuwepo, hawakulingana na picha ya mtawala, na katika mageuzi ya miaka ya 1920 na 1930 waliondolewa mmoja mmoja hadi ikafika mwaka 1945 hakuna hata mmoja. Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, alikuwa mganwa. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika, hapahapa mjini. Kaburi lake liko mlimani, juu ya jiji. Katiba ya mwaka 2005 iligawa viti vya Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na kuwatengea Watwa vyao vitatu. Baganwa hawana fungu lao.

Kati ya uhuru na katiba hiyo kulikuwa na mauaji ya mwaka 1972, na vita vilivyoanza 1993. Nitataja jambo moja tu. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Kwa vitabu vya zamani amri hiyo isingehitajika, kutazama kungetosha. Wanafunzi wakakataa kujitenga, na 40 wakauawa pamoja.

Buyenzi iko katikati ya jiji, mtaa wa nyumba za chini zilizopangwa kwa mistari iliyonyooka, na njia zake zina namba badala ya majina. Ni mtaa wa mafundi magari: injini zimening'inizwa kwenye minyororo, watoto wanaruka madimbwi ya oili, na kila baada ya hatua chache mtu anasalimia, "Asalaam alaikum." Hapa Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Kina Kirundi ndani yake na Kifaransa cha kutosha, lakini mtu wa Ujiji hatapotea. Wabelgiji waliuita Kijiji cha Waswahili.

Waswahili gani? Jina lenyewe ni la watu wa pwani, kutoka neno la Kiarabu la ufuo wa bahari, na kutoka Buyenzi hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Babu za wakazi wengi hawakuiona bahari. Walitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Wengine walitoka Ujiji. Wengine ni Warundi waliosilimu na kuhamia mjini. Kilichowaweka katika jina moja ni kwamba wote walifanana na Mswahili kama wengine walivyomjua: anasali, anavaa kanzu, anaongea lugha ya wafanyabiashara, hana shamba wala ng'ombe. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na jina lake la kiofisi. Mitaa kama Buyenzi ilisajiliwa kuwa vituo vya watu walio nje ya mila, maana wakazi wake hawakuwa chini ya chifu wala hawakulingana na picha ya Mrundi wa mlimani. Kwa mkono mmoja waliitwa kwa kile walichofanana nacho, na kwa mkono wa pili kwa kile wasichofanana nacho.

Dar es Salaam ilifanyiwa mambo yanayokaribiana na hayo. Ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na hadi leo Mtanzania akisema mtu anaishi uswahilini hazungumzii kabila: anazungumzia nyumba zilizobanana, redio ya jirani na umbea wa kibarazani. Bujumbura ilikuwa na mtaa wa Waasia, ambao bado unaitwa hivyo, na kijiji chake cha Waswahili. Huku Burundi jina limebeba mzigo zaidi. Katika Kirundi cha mitaani Mswahili ni Mwislamu wa mjini, na pia ni mtu mjanja ambaye inafaa uhesabu chenji mbele yake. Mzee mmoja muuza vipuri, kwenye benchi nje ya duka lake, aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania alicheka akaniita Mswahili mwenzake, kisha akanieleza kwa utaratibu, kama anayemfundisha mgeni kanuni za nyumba, kwamba Tanzania haina Waswahili, ina Watanzania tu; Waswahili wenyewe ni Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac. "Ninyi mnakiongea," alisema. "Sisi ndiyo jina letu." Mtu wa Lamu angekuwa na la kusema, lakini hakuwepo.

Hesabu za ukoo hapa hazikuwahi kuwazuia watu kushika siasa za nchi. Rwagasore alipokuwa akijenga chama chake alipata wafuasi Buyenzi mapema sana, na wafanyabiashara wa mtaa huo walimjua tangu alipoanza vyama vya ushirika katika miaka ya 1950.

Soko la Ruvumera limo humohumo Buyenzi. Lilizidi kujaa baada ya soko kuu la jiji kuteketea kwa moto Januari 2013. Ukipita vitenge, sufuria na simu za mitumba unafika walipo wauza samaki wakavu, na hapo ndipo mambo ya majina yanapokuwa na faida na hasara. Kwenye mafungu mapana ya fedha iliyofifia wamelazwa ndagala, samaki wa urefu wa kidole. Mtanzania humwita dagaa. Wafaransa na Wabelgiji walimwita sadini wa Tanganyika.

Dagaa ni jina linalotaka uangalifu. Dagaa wa Kigoma na ndagala wa Bujumbura ni kitu kimoja, wenye mamlaka tofauti tu za kodi: samaki wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa, wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani za karabai na siku hizi za umeme wa jua, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika. Vyombo vikubwa vya uvuvi huo upande wa Burundi vinaitwa apollo, jina lilelile la vyombo vya Marekani vilivyokwenda mwezini. Dagaa wa Mwanza ni kiumbe kingine kabisa. Ana rangi ileile, huanikwa vilevile, hupikwa kwa nyanya ileile, lakini ni ndugu wa ndagala kwa ukaribu uleule ambao paka ni ndugu wa mbuzi. Ukoo wake halisi ni wa samaki wa maji baridi wanaoitwa kapu, na hana uhusiano na sadini. Wakenya humwita omena na Waganda mukene, na majina hayo hayamfananishi na mtu. Njia ya kuwatofautisha ni tumbo. Ndagala ana mstari wa magamba yenye ncha chini ya tumbo, kama ukingo wa msumeno mdogo; dagaa wa Mwanza hana.

Muuzaji niliyesimama mbele yake hakuhitaji tumbo. "Hawa wa kwetu wana mafuta, shangazi yako anajua," alimwambia binti aliyekuwa akipembua fungu. Aliponiona namsikiliza akaongeza kwamba wale wa Mwanza huletwa wakati mwingine, na wauzaji wengine huwachanganya, naye hachanganyi. Bei aliyonitajia iliendana na maelezo hayo.

Huyu samaki ameendelea kubadilishwa jina kila alikopelekwa. Mwaka 1959 Limnothrissa alichukuliwa kutoka Tanganyika akapandikizwa Ziwa Kivu, lililokuwa halina samaki wa kuishi katikati ya maji. Kivu humwita sambaza, na Goma na Bukavu humla kila siku. Mwaka 1967 na 1968 akapelekwa Kariba, bwawa la Zambezi, ambako ni kapenta, na kutoka Kariba akateremka mwenyewe na mto hadi bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Ndagala, dagaa, sambaza, kapenta: mfuko mmoja, lebo nne. Wakati huohuo jina dagaa limetandazwa juu ya samaki wadogo wasio ndugu, kuanzia Mwanza hadi Zanzibar.

Na lile jina la Kizungu, sadini? Ukishaona yaliyowapata konokono wa Moore utadhani nalo ni la kubahatisha. Safari hii waliofananisha walipatia. Ndagala na ndugu yake ni wa jamii ya sadini na heringi, na uchunguzi wa urithi wao unaonyesha kwamba wahenga wao walitoka baharini, wakaingia katika mito ya Afrika Magharibi mamilioni ya miaka iliyopita na kusogea bara. Ziwa halikuwahi kuwa bahari, ila ndani yake wamo watu wa bahari, na waliingia kwa mlango ambao Moore hakuutafuta.

Usiku nilikula mukeke. Ni samaki ambaye Bujumbura humjivunia kuliko wote: mrefu, mwembamba, mdomo mkubwa. George Boulenger, aliyefanya kazi yake London juu ya samaki waliohifadhiwa katika chupa, alimwundia jenasi aliyoiita Luciolates, kwa kuwa umbo lake lilimkumbusha lucius, samaki mkali wa mito ya Ulaya. Baadaye wataalamu walilifuta jina hilo na kumrudisha katika jenasi Lates, pamoja na sangara wa Ziwa Victoria, ndugu yake mkubwa na mnene. Meza ya pili alikaa dereva wa lori kutoka Kigoma. Sahani ilipofika mezani kwangu, samaki amepasuliwa mgongoni na kuchomwa, ndizi za kukaanga pembeni, dereva alinyoosha shingo akauliza kwa nini mgebuka unauzwa bei hiyo.

"Si mgebuka, kaka, ni mukeke," alisema dada wa mezani.

"Mgebuka huyo. Nimemla tangu mtoto."

"Mgebuka anakaushwa. Huyu mbichi."

"Akiwa mbichi Kigoma ni mgebuka, akikauka ni mgebuka."

Dada akaweka limau na pilipili mezani kwangu, akamgeukia na kumuuliza kama amletee na yeye. Akasema alete, lakini aandikwe kwenye bili kwa bei ya mgebuka. Mpishi alitoa kichwa jikoni kusikiliza shauri hilo, na nilipoondoka walikuwa bado hawajaafikiana, ingawa samaki wa pili alikuwa tayari kwenye makaa.